Sangara Ana Cheti, Kuku Je?

Wasikilizaji wa Ilemela, Nyamagana na kote Kanda ya Ziwa, leo ninataka tuzungumze juu ya kuku, mayai yake, na kimelea kiitwacho salmonela.

Nianze na jambo mnalolijua. Mtaani kumefanyika shughuli: kipaimara, harusi, au watu wanamaliza msiba. Kuku wamechinjwa jioni, wamekaangwa usiku, pilau imeiva alfajiri, kachumbari imekatwa asubuhi. Watu wamekula saa nane mchana, wakashukuru, wakaondoka. Usiku wa manane simu zinaanza kuita. Huyu anaharisha, yule anatapika, mtoto wa fulani amekimbizwa zahanati, mwili unachemka. Ikifika saa nne asubuhi mtaa umeshatoa hukumu: chakula kilitiwa sumu. Mmoja anamtaja jirani, mwingine anamtaja wifi aliyekuwa haitaki ile ndoa. Zahanati wagonjwa wanatundikiwa dripu na kupewa vidonge. Baada ya siku nne au tano wengi wamepona, na habari inafungwa.

Inafungwa bila jibu. Hakuna aliyeuliza kimelea gani kilikuwa ndani ya wale wagonjwa, wala kilitoka kwa kuku yupi, wa banda lipi, aliyelishwa nini. Lawama inabaki kwa wifi, na lile banda linaendelea kuuza.

Saa peke yake ingeweza kutupa fununu. Sumu nyingi za kemikali hufanya kazi haraka, mara nyingi watu bado wamekaa mezani au ndani ya saa chache. Salmonela haina papara. Tangu mtu amezapo chakula mpaka tumbo lianze kumkata huweza kupita saa 6 hadi 72, na kwa wengi ni kati ya saa 12 na 36. Inabidi kwanza ifike kwenye utumbo, izaliane, ipenye ukuta wake. Kwa hiyo mkila mchana na mkaanza kuugua usiku wa manane mpaka kesho yake jioni, mwacheni wifi kwanza. Tazameni jikoni.

Sasa huyu salmonela ni nani? Jina lilitokana na daktari wa mifugo wa Marekani, Daniel Salmon, ingawa aliyekipata kimelea chenyewe kwa nguruwe, mwaka 1885, alikuwa msaidizi wake Theobald Smith. Tangu wakati huo wanasayansi wamegundua aina zaidi ya 2,500. Wakafuata desturi ya kuzipa aina nyingi jina la mahali zilipotambuliwa kwanza. Ndiyo maana kwenye orodha ya dunia, inayotunzwa na Taasisi ya Pasteur jijini Paris, utakuta salmonela iitwayo Zanzibar, nyingine Uganda, nyingine Kampala, nyingine Nairobi. Orodha hiyo ilipochapishwa mara ya kwanza mwaka 1934 ilikuwa na aina 44 tu.

Utaniuliza: aina 2,500 za nini? Salmonela si salmonela tu? Hapana, msikilizaji. Chukua tatu tu ambazo ni ndugu wa karibu sana. Wa kwanza anaitwa Typhi. Huyo ndiye wa homa ya taifodi. Anaishi kwa binadamu peke yake, kuku hamjui. Huyu ndiye anayetoboa utumbo wa vijana wetu. Madaktari wa upasuaji wa Hospitali ya Bugando hapa Mwanza walichapisha mwaka 2012 taarifa ya wagonjwa 104 waliofanyiwa upasuaji kwa sababu ya utumbo uliotobolewa na taifodi.

Wa pili anaitwa Gallinarum. Huyu ni adui wa kuku. Ndiye anayeleta ile homa ya matumbo ya kuku ambayo mfugaji wa Buswelu au Sangabuye anaijua: kuku wanazubaa, upanga unapauka, wanaharisha njano au kijani, na asubuhi unaokota mizoga. Huyu anakufilisi, lakini ni nadra sana kumuumiza mtu.

Wa tatu anaitwa Enteritidis. Huyu ndiye wa hatari kwa mlaji, na hatari yake ni kwamba kuku anayembeba haonyeshi chochote. Anakula, anataga, upanga mwekundu. Kimelea kinaingia mpaka kwenye kiwanda cha mayai ndani ya tumbo lake, na yai linatoka zuri, ganda zima, safi, huku kimelea kimo ndani. Unaweza kulisugua ganda mpaka ling'ae, haitasaidia kitu.

Umeona basi? Mmoja ni wa watu tu, mmoja anaua kuku, mmoja anakaa kwa kuku mzima na kuumiza watu. Lakini wote watatu nje ya mwili wamevaa koti la namna moja. Maabara wanaliita kundi la O, namba 9. Ukipima koti peke yake huwezi kuwatofautisha.

Hapa ndipo ninapotaka tukisemee kipimo kinachopendwa kuliko vyote mitaani kwetu, kipimo cha Widal. Ni cha mwaka 1896, kikapewa jina la daktari wa Ufaransa, Georges-Fernand Widal. Unatolewa damu, wanatafuta kingamwili, na baada ya muda mfupi unaambiwa una taifodi. Wangapi kati yetu hawajawahi kuambiwa wana malaria na taifodi kwa pamoja? Tatizo ni kwamba baadhi ya kingamwili zile zinalitambua koti, na koti ni la ndugu wengi. Mtu aliyeumwa salmonela ya kwenye yai miezi kadhaa iliyopita anaweza kuonekana ana taifodi leo. Aliyekwisha kuugua taifodi zamani naye anaweza kuonekana anayo leo. Kipimo hicho hakikuambii ni ndugu yupi yuko ndani sasa hivi, na hakiwezi kukuambia alitoka wapi.

Ili kumjua lazima umwoteshe. Unachukua choo cha mgonjwa, au damu kama homa ni kali, pamoja na mabaki ya chakula, unapeleka maabara inayootesha vimelea. Kwa sampuli ya chakula siku ya kwanza inawekwa kwenye maji maalumu yenye virutubisho, nyuzi joto 37, ili vimelea vilivyochoka vipate nguvu. Siku ya pili vinahamishiwa kwenye mchuzi mkali zaidi, karibu nyuzi 42, ambamo vimelea vingine vinashindwa na salmonela inastahimili. Siku ya tatu mtaalamu anavipaka juu ya sahani ya agari yenye rangi nyekundu. Kesho yake, kama salmonela ipo, anaona vidoa vya mviringo, vyekundu pembeni na vyeusi katikati. Weusi ule unatokana na gesi ya salfa inayotengenezwa na kimelea. Kinafuata kipimo cha kuthibitisha, na hapo ndipo unapofika ubainishaji wenyewe.

Mtaalamu anachukua kipande cha kioo, anadondosha tone la seramu iliyotengenezwa kwa damu ya sungura, anachanganya na vimelea kidogo, anakitikisa kioo taratibu juu ya taa. Seramu isipolingana, tone linabaki kama lilivyo. Ikilingana, ndani ya dakika moja tone linakatika vipande vipande kama maziwa yaliyochachuka. Anaanza na seramu za koti, kundi la O. Halafu anakwenda kwenye mikia ambayo kimelea hutumia kuogelea, kundi la H. Hapa sasa wale ndugu watatu wanatengana. Typhi ana mkia wenye alama ya d. Enteritidis ana mkia wenye alama za g na m. Gallinarum hana mkia kabisa, haogelei. Siku tano au sita za kazi, vioo vichache, na kimelea kina jina.

Jina hilo lina faida gani? Nitawapa kisa cha kweli, nacho kinatuhusu sisi watu wa ziwani kuliko tunavyodhani.

Kuna salmonela iitwayo Agona, jina la mahali huko Ghana. Mpaka mwisho wa miaka ya 1960 ilikuwa nadra sana Marekani na Ulaya. Kuanzia mwaka 1970 na kuendelea ikaanza kuibuka kwa wagonjwa Marekani, Uingereza, Uholanzi na Israeli, karibu kwa wakati mmoja. Nchi nne, wagonjwa wasiofahamiana. Ingekuwa wanaandika tu "salmonela" kwenye daftari, kama sisi tunavyoandika tu "kuharisha", hakuna ambaye angeona kitu. Lakini waliandika jina kamili, na jina lile geni likawashtua. Mwaka 1972 watu wakaugua katika mji mdogo wa Paragould, jimbo la Arkansas. Wapelelezi wakafuatilia mpaka kwenye mkahawa, kutoka mkahawani wakafika kwenye shamba la kuku jimbo la Mississippi, na kwenye shamba lile wakaukuta mzizi: kuku walikuwa wanalishwa unga wa samaki kutoka Peru. Samaki wa bahari ya Peru, amekaushwa, amesagwa, amesafirishwa, amelishwa kuku, na mlaji wa Arkansas amelala hoi. Kilichounganisha mnyororo wote ule ni jina la kimelea.

Sasa tutoke Peru twende Igombe, ufukweni kwetu. Nenda asubuhi, boti za dagaa zikiwa zimeshapaki. Utaona dagaa wametandazwa juu ya mchanga, wengine juu ya nyavu zilizotandikwa chini, wengine, wale wa bahati, juu ya vichanja. Juu ya mchanga kunguru wanadonoa, korongo anatembea kati yao kama mkaguzi, mbuzi anakatiza, mvua ya ghafla ikinyesha wanalowa na kuanikwa upya. Wakishakauka wanachaguliwa. Wazuri wanakwenda sokoni, Mwaloni Kirumba, na kutoka pale wanasafiri mpaka Kongo. Waliovunjika, wenye mchanga, waliobadilika rangi, wanaitwa dagaa wa kuku. Wanasagwa, wanachanganywa na pumba, mashudu ya pamba au alizeti, chokaa na mifupa, na mapanki ya sangara wakati mwingine yamo. Chakula hicho ndicho kinacholisha mabanda ya Nyasaka, Kiseke, Buswelu na kwingineko. Salmonela inaweza kukaa hai miezi mingi ndani ya chakula kikavu. Njia iliyotoka Peru mpaka Mississippi, kwetu ni kilometa chache tu kutoka ufukweni mpaka bandani.

Wala simlaumu mvuvi wala mama anayeanika. Kichanja kinagharimu mbao, misumari na wavu, na bei ya dagaa wa kuku haimlipi mtu kwa usafi. Ninachosema ni kwamba njia ipo, na njia isiyolindwa haichagui nani apite.

Lakini kuna samaki mmoja wa ziwa hili ambaye njia yake inalindwa vilivyo. Sangara.

Wenye umri mnakumbuka. Kati ya mwaka 1997 na 1999 soko la Ulaya lilitufungia milango mara kwa mara. Mara ya kwanza hoja ilikuwa salmonela kwenye minofu, halafu ikaja hoja ya kipindupindu, halafu habari za kuvua kwa sumu. Viwanda vya minofu vya Mwanza vilipunguza kazi, vijana wakarudi nyumbani. Somo likaingia. Serikali ikajenga uwezo. Leo pale Nyegezi kuna Maabara ya Taifa ya kudhibiti ubora wa samaki, na mzigo wa minofu hauendi Ulaya bila karatasi zake. Na uwezo huo hauishii kusema salmonela ipo au haipo. Mwaka 2019 watafiti wa hapa nchini na wenzao wa nje walichapisha kazi juu ya salmonela kwenye sangara wa Ziwa Victoria upande wa Tanzania, nao walizitaja kwa majina: aina ya Waycross, na nyingine za kundi la salamae, jina lililotokana na Dar es Salaam yetu.

Kwa hiyo nisisikie mtu akisema Mwanza hatuwezi. Tunaweza. Bugando wanaotesha vimelea. Wakala wa Maabara ya Veterinari una kituo chake hapa Mwanza. Nyegezi wapo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro kina wataalamu waliobobea. Huko nyuma mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya Gallinarum kutoka kwa kuku wa Tanzania. Moshi, kwenye taasisi ya utafiti ya KCRI, wanasoma vinasaba vya bakteria mwanzo mpaka mwisho. Elimu ipo, vifaa vipo. Kinachokosekana ni desturi ya kumfanyia mlaji wa Pasiansi kile tunachomfanyia mlaji wa Ulaya. Minofu inayokwenda nje ina cheti. Trei ya mayai inayokwenda Nyamanoro kwenye chipsi mayai haina hata jina la banda ilikotoka.

Tuwatazame majirani wetu wa ng'ambo ya ziwa. Mwaka 2017 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi uliofanyika kwenye mashamba ya kuku ya wilaya za Wakiso, Masaka na Lwengo nchini Uganda. Walikwenda kwenye mashamba 237. Walikuta salmonela kwenye mashamba 49, yaani kama shamba moja katika kila matano. Wakabainisha majina. Iliyoongoza ilikuwa Newport, ikifuatiwa na Hadar, zikaja na nyingine kama Heidelberg. Zaidi ya nusu ya vimelea vilivyopimwa vilikuwa na usugu kwa dawa moja au zaidi, na dawa iliyoongoza kushindwa ilikuwa ciprofloxacin, hii hii cipro tunayoinunua dukani kwa mazoea tumbo likiuma.

Majina hayo yana uzito. Uingereza, Desemba 1988, naibu waziri wa afya Edwina Currie alisema hadharani kwamba sehemu kubwa ya mayai yanayozalishwa nchini humo ina salmonela. Soko la mayai likaporomoka, naye akajiuzulu kabla mwezi haujaisha. Maneno yake yalizidi kipimo, lakini tatizo lilikuwepo kweli, na lilikuwa na jina: Enteritidis. Kwa sababu jina lilijulikana, ikawezekana kutumia chanjo yake hasa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wafugaji wa kuku wa mayai wakaanza kuchanja, wagonjwa wakapungua sana, na mwaka 2017 mamlaka ya chakula ya nchi hiyo ikatangaza kwamba hata mjamzito anaweza kula yai laini lenye mhuri wa mpango ule wa kuchanja. Chanjo ya aina moja inalengwa kwa aina hiyo. Ukichanja bila kujua jina, unaweza kuwa unamchanja kuku dhidi ya mgeni ambaye hajawahi kufika bandani kwako.

Siku hizi kubainisha kumekwenda mbele zaidi ya vioo na seramu. Kimelea kinasomwa vinasaba vyake vyote, herufi kama milioni 4.8. Kilichotoka kwa mgonjwa na kilichotoka kwenye yai vikitofautiana kwa herufi chache sana, chanzo ni kimoja. Kwa njia hiyo, mwaka 2016 wagonjwa wa Enteritidis katika nchi kadhaa za Ulaya waliunganishwa na mayai yaliyotoka Poland.

Na usomaji huohuo umetuletea habari nyingine sisi Waafrika, ambayo mfugaji aisikilize vizuri kwa sababu inamtetea. Mwaka 2009 ilijulikana kwamba salmonela iliyokuwa inaingia kwenye damu ya watu Malawi na Kenya, aina ya Typhimurium, ni ya ukoo wake wa pekee, tofauti na ule uliozoeleka Ulaya. Mwaka 2016 ikaonekana kwamba hata Enteritidis ya Afrika ina koo mbili za hapahapa barani, mbali na ule ukoo wa mayai uliosambaa duniani. Maana yake ni nini? Kwamba si kila salmonela inayomuumiza mtoto wetu imetoka kwa kuku. Nyingine huenda zinapita kwa maji, au kwa mtu hadi mtu. Bila kubainisha unaweza kumhukumu kuku asiyehusika, ukavunja biashara ya mjane mwenye kuku mia mbili, na ugonjwa ukaendelea kama kawaida.

Tena tusilichukulie jambo hili kuwa la kuharisha tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba Afrika watu zaidi ya milioni 91 huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula kisicho salama, na 137,000 hufa. Kati ya hao, 32,000 huuawa na salmonela zisizo za taifodi, zaidi ya nusu ya vifo vyote vya namna hiyo duniani. Wanaoangamia zaidi ni watoto wadogo, hasa wenye malaria kali au utapiamlo, na watu wazima wenye VVU wasiotumia dawa. Kule Muheza, mkoani Tanga, watafiti waliona kwamba malaria ilipopungua hospitalini, salmonela ya kwenye damu kwa watoto nayo ilishuka. Ukimlaza mtoto kwenye chandarua, umemkinga na zaidi ya mbu.

Sasa tufanye nini? Sitaki kuwaacha hewani.

Mama lishe na kijana wa chipsi, nakuombeni mbao mbili na visu viwili. Ubao wa kuku mbichi usiguse kachumbari. Kuku anaingia kwenye mafuta yanayochemka, vimelea vyake vinakufa. Nyanya na kitunguu haviingii popote, vinaliwa hivyo hivyo. Yai la kukaanga ligeuzwe mpaka lishikamane lote, lisiwe la majimaji katikati. Nyama ikifika nyuzi 70 ndani kabisa, salmonela haina maisha. Kuku mbichi msimwoshe chini ya bomba maji yakaruka kwenye sahani safi. Na chakula cha shughuli kikipikwa usiku, kisikae kwenye sufuria vuguvugu mpaka saa nane mchana.

Wanaonyonyoa kuku sokoni Kirumba na Buzuruga: lile pipa la maji ya moto linaloingiza kuku wa kwanza mpaka wa hamsini bila kubadilishwa linagawa vimelea kutoka kwa mmoja kwenda kwa wote. Badilisheni maji, na matumbo yatolewe mbali na nyama safi.

Mfugaji, weka daftari. Andika vifaranga vilitoka wapi, chakula kilitoka duka gani na tarehe gani, dawa gani umetumia. Nunua dagaa wa kwenye vichanja ukiwapata, hata kwa nyongeza kidogo ya bei. Kuku wakifa ghafla, peleka mizoga miwili maabara ya veterinari kabla hujakimbilia unga wa dawa. Na ukiwapa dawa, usiuze mayai mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe.

Wewe uliyekula na ukaugua: kunywa maji yenye chumvi-sukari maalumu ya ORS, usikimbilie antibiotiki kwa kuhara kwa kawaida. Nyingi hazikuharakishii kupona, tena zinaweza kukufanya ubebe kimelea muda mrefu zaidi. Lakini ukiona damu kwenye choo, homa isiyoshuka, au mgonjwa ni mtoto mchanga, mzee au mjamzito, nenda hospitali bila kusubiri, na choo kichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza. Mabaki ya chakula msiyamwage. Yafungeni, yawekwe kwenye friji, mwiteni afisa afya wa kata. Andikeni nani alikula nini na nani hakula. Walioacha kachumbari wakabaki wazima, hilo ni ushahidi mkubwa kama wa maabara.

Na mwisho ninawageukia wenye mamlaka: Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela, hospitali zetu, maabara ya veterinari, maabara ya samaki, na Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula. Kila salmonela inayooteshwa Mwanza, ya mgonjwa, ya kuku, ya yai, ya dagaa au ya sangara, isitupwe. Igandishwe, ibainishwe, na jina liandikwe kwenye orodha moja ambayo daktari wa watu na daktari wa mifugo wote wanaisoma. Hilo halihitaji jengo jipya. Linahitaji makubaliano, jokofu, na mtu mmoja mwenye kazi hiyo kwenye barua yake ya ajira. Tulifanya hivyo kwa sangara kwa sababu mnunuzi wa Ulaya alitubana. Mlaji wa Ilemela naye ni mnunuzi, na analipa fedha taslimu kila siku. Naye anastahili kujua kilichomlaza kitandani kiliitwa nani na kilitoka wapi.